Injini Ileile, Kabureta na Kompyuta

Chukua Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa duara, ityuniwe vizuri Mombasa kisha uipeleke Nairobi. Ukifika itanuka petroli na huenda isitulie sailensa. Hakuna kilichoharibika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, lakini petroli inayofyonzwa na kabureta hupungua kwa kama nusu tu ya kiwango hicho. Petroli kilo 1 huhitaji hewa kilo 14.7 ili iungue sawasawa, hapa imezidi.

Mexico walilijua tatizo hili vizuri zaidi, kwa kuwa mji wao mkuu uko juu ya mita 2,200. Kiwanda cha Puebla kiliendelea kuunda gari hilo hadi Julai 2003, na kuanzia matoleo ya 1993 kilibandua kabureta kikaweka nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Injini ilibaki ileile ya kupozwa kwa hewa, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki.

Mfumo wa zamani nao si mjinga. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki hugeuka digrii 18 katika kila elfu moja ya sekunde, nao moto unahitaji muda wa kusambaa ndani ya silinda, hivyo cheche lazima itangulie. Ndani ya distributa za aina nyingi kuna vyuma vidogo vilivyoshikwa na springi: mwendo ukiongezeka vinatanuka na kuiwahisha cheche. Hiyo ni hesabu, tena bila umeme.

Usichoweza mfumo huo ni kuona jibu la hesabu yake. Kazi hiyo ni ya fundi: anafungua plagi na kuitazama ncha. Masizi meusi, mafuta yamezidi, nyeupe, yamepungua, kahawia, afunge aendelee. Kwenye mfumo wa kompyuta, sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi hutoa takriban volti 0.9 mafuta yakizidi na 0.1 yakipungua, na kompyuta hurekebisha papo hapo, gari likiwa bado linapanda mlima.

Kwa maoni yangu, cha kwanza kuondolewa ni pointi, yaani swichi ndogo ya cheche iliyo ndani ya distributa, kabureta ibaki. Pointi za Volkswagen huachwa mwanya wa milimita 0.4, lakini kisigino chake husuguana na kamu saa zote. Kikilika, mwanya unabana na cheche inachelewa. Injini inapata joto, nguvu inapotea, na mwenye gari anailaumu kabureta ya watu. Kitambuzi cha sumaku kinachowekwa badala yake ndani ya distributa hakigusani na chochote.

Kwenda mbali zaidi, hadi kompyuta ya kujipangia mwenyewe, ni kazi nyingine. Jedwali lake la mafuta huweza kuwa na visanduku 256, kila kimoja kwa mwendo na mzigo wake, na lazima mtu avijaze huku akisoma sensa. Visipojazwa vizuri, gari litakwenda vibaya kuliko lilivyokuwa na kabureta. Tena pampu ya petroli ya nozeli hutegemea betri yenye nguvu. Ile ya zamani husukumwa na injini yenyewe, na betri ikichoka njiani, watu wawili wakisukuma gari linawaka.