Bahasha kuukuu haina aibu

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Methali hiyo hunijia kila niingiapo katika ofisi za mijini na kushuhudia jinsi bahasha nene, zile zilizotandikwa viputo vya hewa kwa ndani ili kilichomo kisivunjike wala kukunjika, zinavyoraruliwa kwa pupa na kutupwa kapuni. Bahasha imesafiri safari moja tu, pengine kutoka Mombasa hadi Nairobi, nayo ingali nzima kabisa. Punde si punde tarishi wa ofisi iyo hiyo hutumwa dukani akanunue nyingine mpya, kwa bei inayoipita ya bahasha ya kaki mara kadhaa.

Huenda msomaji akauliza: bahasha ni kitu gani hata iandikiwe makala gazetini, ilhali nchi ina matatizo makubwa zaidi? Jawabu langu ni kwamba ubadhirifu wa taifa hauanzi kwa mabilioni. Huanza kwa vitu vidogo ambavyo tumezoea kuvitupa bila ya kuvitazama mara mbili. Isitoshe, kati ya vyote viingiavyo katika kapu la ofisi, ni vichache vilivyo vigumu kuundwa upya kama bahasha hii, na ni vichache vilivyo vyepesi kutumiwa tena kama hii. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Hebu tutazame asili yake. Plastiki yenye viputo ilibuniwa mwaka 1957 katika jimbo la New Jersey, Marekani, na wavumbuzi wawili, Alfred Fielding na Marc Chavannes. Walikuwa wakitafuta karatasi ya kupambia kuta. Jaribio hilo halikufua dafu, lakini baadaye ikabainika kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya viputo hulinda vyema vitu vinavyosafirishwa. Plastiki hiyo ikibandikwa ndani ya karatasi ngumu ndipo tunapopata bahasha tuizungumziayo. Ni plastiki isiyooza wala kuchoka upesi. Kukitumia kitu cha aina hiyo mara moja tu ni sawa na kununua sufuria, kupikia chai ya asubuhi moja, kisha kuitupa.

Wapo wasemao: "Tuitupe tu, itapelekwa kiwandani ikaundwe upya." Laiti mambo yangalikuwa mepesi hivyo! Kiwanda cha karatasi huloweka karatasi kuukuu majini na kuzikoroga mpaka zikawa kama uji, kisha nyuzi zake huchujwa na kutengenezwa karatasi nyingine. Plastiki iliyogandishwa kwa gundi huuchafua uji huo na kuziba vichujio. Kiwanda cha plastiki nacho hakiitaki karatasi katika mitambo yake. Basi bahasha hii huwa kama popo, si ndege wala si mnyama. Huku haitakiwi na kule haitakiwi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenge taka ziozazo na zisizooza. Je, bahasha ambayo ganda lake laoza na utando wake hauozi tuitie katika pipa lipi? Mwisho wake ni jaani, kama lile la Dandora, lililotangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, nalo likaendelea kumwagiwa taka miaka nenda miaka rudi.

Ni kweli zipo bahasha zilizojazwa karatasi iliyosagwa badala ya plastiki. Hizo zaweza kuingia katika kiwanda cha karatasi pasi na taabu, na anayelazimika kununua mpya afadhali anunue hizo. Lakini hata hizo, kuziunda upya kwahitaji maji, moto na gari la kuzichukua. Kuitumia tena bahasha kwahitaji gundi na kipande cha karatasi tu.

Kinachotuzuia basi ni nini? Kwa maoni yangu, ni haya isiyo na msingi. Siku moja nilikwenda kwenye kaunta ya kampuni moja ya kusafirisha vifurushi, mkononi nina kitabu ndani ya bahasha iliyowahi kutumika, anwani mpya nimeiandika vizuri juu ya karatasi nyeupe niliyoibandika. Kijana aliyenihudumia aliigeuzageuza, kisha akaniambia kwa adabu, "Mzee, hii imetumika. Zipo mpya hapa, nikuuzie moja?" Nikamwuliza iwapo ipo kanuni inayokataza. "Kanuni hakuna, mzee, lakini haipendezi. Huyo unayemtumia atakuonaje?"

Swali la kijana huyo lastahili kujibiwa. Aipokeaye ataona kwamba kitabu chake kimefika salama, na hilo ndilo alilolitaka. Tangu lini bahasha ikawa vazi la arusi? Katika ofisi zetu mna bahasha za ndani, zenye mistari ya kuandikia majina, ambazo hupita idara hadi idara mpaka mistari ikaisha. Sijasikia mkurugenzi aliyejiona amedharauliwa kwa kuletewa barua ndani ya bahasha yenye majina kumi yaliyokatwa kwa kalamu. Nje ya ofisi, mafundi wa Kamukunji hufua majiko na masanduku kutokana na mapipa makuukuu, na tairi lililokwisha barabarani hugeuka akala miguuni mwa watu. Haya ni maarifa yetu wenyewe. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alipozuru Ujapani mwaka 2005 alilipenda neno la huko, mottainai, lielezalo uchungu wa kuona kitu chenye manufaa kikipotezwa bure, akalieneza kwingi duniani. Sisi nasi tunayo methali: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisemi kila bahasha itumike mpaka iwe tambara. Hatimiliki ya shamba, hundi na karatasi za mtihani zahitaji bahasha mpya, maana azipokeaye hana budi kujua kwa kuitazama tu iwapo imefunguliwa njiani. Viputo vikishapasuka au mshono ukiachia, bahasha hiyo imestaafu. Vilevile anayetumia ya zamani ana wajibu wake. Aifungue kwa kisu au mkasi badala ya kuirarua. Aifunike kabisa anwani ya awali, kwani jina na nambari ya simu ya mtu si vya kutangazwa. Aizibe ile michoro ya mistari isomwayo na mitambo, isije ikakipeleka kifurushi kusikotakiwa. Na stempu iliyokwisha kugongwa muhuri asidhani itamlipia safari ya pili.

Ningependekeza mambo mawili. Kwanza, kila ofisi, shule na duka la vitabu liweke sanduku la bahasha karibu na meza ya tarishi, na isinunuliwe mpya kabla ya sanduku hilo kutazamwa. Pili, kampuni za vifurushi, ambazo biashara yake imepanuka kwa watu kununua bidhaa kupitia simu, zitangaze wazi kwamba bahasha kuukuu iliyo imara yapokelewa. Mteja akijua hivyo, haya itamwondoka. Hata muuzaji aweza kumwandikia mnunuzi wake: mimi nimeitumia mara ya pili, nawe itumie mara ya tatu.

Watakaosema kwamba mazoea hayavunjiki na wakumbuke tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipoanza kutekelezwa. Wengi walidhani soko haliwezi kwenda bila ya mifuko hiyo. Leo mtu huenda sokoni na kikapu chake au mfuko wake wa kitambaa, wala hapana amchekaye. Ikiwa kwa mifuko tulihitaji sheria yenye faini ya mamilioni ya shilingi, kwa bahasha twahitaji tu kuacha kuona haya. Na hilo halingoji Bunge.