Mashine ya protini hujuaje jina la protini?

Ukisoma kwenye makala ya utafiti kwamba watu fulani "wametambua protini 3,000" kwenye sampuli moja, usidhani kuna mashine iliyozisoma moja moja na kuzitaja majina. Spektrometa ya masi haijui jina la protini hata moja. Kazi yake ni kupima uzito tu, ingawa inaipima kazi hiyo kwa umakini wa ajabu. Majina yanatoka kwingine, na huko kwingine ndiko wengi wetu tunakoteleza.

Tuchukue protini unayoijua: himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Mnyororo wake wa beta una asidi amino 146. Kuusoma mzima mzima ni kazi ngumu, kwa hiyo kwanza tunaukatakata kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini. Tripsini ina nidhamu. Inakata baada ya lisini au ajinini, basi, isipokuwa pale zinapofuatwa na prolini. Ndiyo maana tunaipenda: ukijua mfuatano wa protini, unaweza kukaa na kalamu ukaandika vipande vyote vitakavyopatikana kabla hujagusa sampuli. Vipande hivyo ndivyo peptidi.

Peptidi ya kwanza ya mnyororo wa beta ina asidi amino nane, na kwa herufi zetu huandikwa VHLTPEEK. Ikipewa protoni moja ili iwe na chaji, mashine itaiona kwenye 952.5. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwani peptidi nyingine nyingi zinaweza kuangukia hapo hapo. Kwa hiyo mashine inaitenga, inaigonganisha na gesi mpaka ivunjike, kisha inapima vijipande. Tofauti ya uzito kati ya kijipande kimoja na kinachofuata inakuonyesha asidi amino iliyoongezeka: 57 ni glisini, 71 ni alanini, 129 ni asidi ya glutamiki. (Lusini na isolusini zina uzito uleule kabisa. Hapo usiilaumu mashine.)

Kinadharia, basi, ungesoma herufi kwa herufi. Kiuhalisia vijipande vingine havionekani, na sampuli moja inaweza kukuletea makumi ya maelfu ya vipimo vya namna hiyo. Mwaka 1994 Jimmy Eng, Ashley McCormack na John Yates walichapisha njia iliyokuja kujulikana kwa jina la programu yao, SEQUEST. Waliligeuza swali. Badala ya kuuliza "herufi hizi ni zipi?", programu inauliza "kati ya protini zilizomo kwenye orodha yangu, ni peptidi ipi inafanana zaidi na nilichopima?" Inachukua mifuatano kutoka kwenye kanzidata kama UniProt, inaikata kwenye kompyuta kwa kanuni ya tripsini, inabakiza peptidi zenye uzito unaolingana, inalinganisha vijipande, inatoa alama. Aliyeongoza ndiye anayepewa jina.

Umeona mtego? Asiyekuwemo kwenye orodha hawezi kuongoza.

Rudi kwenye himoglobini. Kwa mgonjwa wa selimundu, asidi ya glutamiki iliyo nafasi ya 6 imekuwa valini. Peptidi yetu sasa ni VHLTPVEK, na uzito umeshuka kwa 30, hadi 922.5. Vernon Ingram aliinasa tofauti hii kule Cambridge mwaka 1956 kwa tripsini hiyo hiyo na karatasi: kati ya madoa yote ya peptidi, doa moja lilikuwa limehama. Leo, weka damu hiyo kwenye mashine ya gharama kubwa, halafu tafuta kwa orodha yenye mnyororo wa beta wa kawaida tu. Mashine itaiona 922.5. Itaivunja vizuri, na kwenye herufi ya sita itapima 99 badala ya 129. Lakini programu haina VHLTPVEK pa kuilinganisha. Ripoti itasema "himoglobini beta", tena kwa alama za juu, kwa sababu peptidi nyingine zote za mnyororo huo hazijabadilika. Dalili pekee ni pengo la herufi nane mwanzoni. Na mapengo tumeyazoea, kila protini inayo. Nani atashtuka?

Kuna kosa la upande wa pili pia: programu karibu kila mara itapata wa kuongoza, hata akiwa si yeye. Ndiyo maana tunachanganya kwenye orodha protini bandia, kwa mfano mifuatano ile ile iliyogeuzwa nyuma mbele. Ukipata majibu 10,000 ya kweli na 100 ya bandia, unakadiria kwamba kama asilimia 1 ya yale ya "kweli" nayo ni ya kubahatisha. Kipimo kizuri, ila hakikuambii chochote kuhusu peptidi ambayo haikuwemo.

Tunaongeza pia protini za uchafu. Sampuli yangu ya kwanza ilikuwa ya mmea, na iliyoongoza ilikuwa keratini ya binadamu. Yaani ngozi yangu mwenyewe.

Kwa selimundu dawa ni rahisi: ongeza mfuatano wenye valini, kisha tafuta upya kwenye data ile ile bila kurudi maabara. Kwa mgonjwa, pengo litazibwa na 922.5. Kwa mtu aliyerithi jeni moja tu, utazikuta zote mbili, 922.5 na 952.5, kila moja na jina lake.