Mlango wa gari umebonyea: kabla hujatoa hela, soma yaliyotukuta

Ijumaa moja asubuhi mwezi wa Desemba tulishuka twende sokoni, tukakuta mlango wa nyuma wa gari letu umebonyea. Kishimo chenyewe kama sahani ya kikombe cha chai, rangi haijapasuka, na aliyegonga hakuacha hata kikaratasi kwenye kioo. Gari ni Corolla nyeupe ya 2010. Tulichanga watu watatu tunaokaa nyumba moja hapa Sharjah: mmoja fundi nondo, mmoja yuko kwenye usafi wa majumba, na mwingine ndiye mhasibu anayewaandikia. Mulkiya ina jina la mtu mmoja, lakini hasara ni ya watatu.

Gereji ya kwanza ikatutajia dirhamu 1,200. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo hapo ni kama dola 327. Wengi wenu mnajua hela hiyo mnaitolea jasho kwa muda gani. Na mwenzetu wa usafi alikuwa na ada ya shule ya kutuma nyumbani kabla shule hazijafunguliwa Januari. Jamani, kishimo kama sahani kigombee na ada ya mtoto?

Kabla ya bei kuna karatasi. Huku Emirates gereji hairuhusiwi kugusa bodi ya gari lililogongwa bila ripoti ya polisi, hata kama aliyegonga hajulikani, na hata kama umegonga nguzo mwenyewe. Wapo mafundi wanaokunong'oneza "njoo usiku, haina haja ya karatasi." Sisi tulikataa, si kwa sababu ni watakatifu. Fundi anayekubali kufanya kwa kificho anajua kabisa kwamba akikuharibia huna pa kumshtaki.

Na nyie madereva wa majumbani, mkisikia gari la bosi limebonyea, mwambieni siku hiyohiyo na mpige picha. Kuficha ni kazi bure maana karatasi itatakiwa tu. Akitaka kukata mshahara, usisaini chochote hapohapo: omba uone bei ya gereji kwa maandishi, halafu soma mkataba wako unasemaje.

Bima? Yetu ni ile ya kumlipia mwenzio ukimgonga, mlango wetu haiujui. Mwenye bima kubwa aulize kwanza kiasi anachotakiwa kuchangia mwenyewe kila anapodai. Ukiambiwa uchangie 500 kwa kazi ya 450, hapo unadai nini?

Sasa tufike kwenye ujanja wetu. Tuliangalia video za watu wanaomwaga maji ya moto halafu wanavuta, shimo linatoka paa! Tukachemsha birika, tukachukua kile kipampu cha kuzibulia choo, tukavuta mpaka jirani akatoka kutazama. Wapi. Baadaye ndiyo tukaelewa: maji ya moto yanafaa kwenye bampa, kwa sababu bampa ni plastiki na plastiki inalainika. Mlango ni chuma, na chuma hakilainishwi na birika.

Badala ya kukoma tukanunua kifaa cha kuvuta kwa gundi, dirhamu 45. Gundi ikashika vizuri, tukavuta, na kilichotoka si kishimo bali rangi yenyewe, kipande kama kiganja, na chini yake puti ya kijivu. Kumbe mlango ule ulishagongwa zamani na kuzibwa! Aliyetuuzia alituapia kwamba gari halijawahi kuguswa.

Wenye mpango wa kununua gari, hapa au la kupeleka nyumbani, shikeni hili. Chukua sumaku ndogo ya friji, izungushie kitambaa chembamba isikwaruze, ipitishe kwenye milango yote. Kwenye chuma kitupu inang'ang'ania. Kwenye puti nene inashika kinyonge au inaanguka. Sumaku hiyo haifiki dirhamu 5, na kama tungekuwa nayo siku ile tungepunguziwa bei au tungeondoka zetu.

Tulienda kwa fundi wa kunyoosha bila kupiga rangi, wale wanaoingiza vyuma virefu kwa ndani na kusukuma kishimo taratibu. Bei yake 150. Akatazama, akatikisa kichwa. Kazi yake inataka rangi ya kiwandani ambayo bado nzima na chuma ambacho hakijakunjika. Penye puti, akisukuma, inapasuka yote. Tunamshukuru kwa ukweli wake, wengine wangechukua hela.

Hapo ndipo ilipotuuma. Mwanzoni, rangi ikiwa nzima, kishimo kilikuwa suala la sura tu. Mlango unafunga, kioo kinapanda, ungeweza kukaa nacho mpaka uuze gari. Kama mlango haufungi sawasawa au kioo kinakwama, hilo ni la usalama, usisubiri. Sisi hatukuwa huko. Ila baada ya kubandua rangi wenyewe, chuma kilibaki uchi, na kwa hewa hii ya chumvi na unyevu ya Ghuba kutu haichelewi.

Kukwangua, kupiga puti mpya na rangi: 450. Tukaenda kwenye maduka ya spea kuukuu ya Industrial, huku ambako spea nyingi zinapakiwa kwenda Afrika. Ukienda, usiseme tu "mlango mweupe", weupe uko wa aina nyingi. Angalia kibati cha gari lako, chetu kiko kwenye nguzo ya mlango, usome namba ya rangi. Yetu ni 040. Tukapata mlango wa 040, tukaupitishia sumaku mbele ya muuzaji (alicheka), 240. Wa zamani tukamwachia, akashusha 20. Fundi akahamisha kioo, kitasa na mota kwa 100. Jumla 320, mbali na ada ya ripoti na zile 45 za ujanja.

Ugomvi ulikuwa nani alipe. Mafuta tulishaandikiana, ajali hatukuwahi kuizungumza. Fundi nondo ndiye aliyepaki usiku ule, pembeni kabisa ambako malori yanageuzia, na kuna aliyetaka alipe yote. Siku mbili hakuna aliyemsemesha mwenzie jikoni. Mwishoni tukagawana sawa, 107 kila mtu, ila mwenzetu wa usafi akapewa mpaka mshahara wa Februari. Ada ilitumwa Januari mapema, haikuguswa. Tangu hapo kila mshahara ukitoka, kila mtu anaweka 40 kwenye mfuko wa gari, na imeandikwa kwenye karatasi yenye sahihi tatu.

Juani ule mlango unaonekana mweupe kidogo kuliko wenzake. Unafunga vizuri.