Dakika Tatu za King'ora

Katika jiji la New York, Marekani, kanuni ya kelele iliyoanza kutumika mwaka 2007 inaagiza kwamba king'ora cha kuzuia wizi wa gari sharti kijizime chenyewe ndani ya dakika 3. Kwa mwenye gari, muda huo ni mfupi. Kwa mwili wa mtu aliyelala, ni mrefu mno.

Sikio halilali. Usingizini ubongo huendelea kupokea sauti na kuzipima kama zina hatari. Sauti kali ya ghafla huutayarisha mwili kupambana au kukimbia: adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, mishipa ya damu husinyaa na shinikizo la damu hupanda. Haya hutokea katika sekunde chache, na pengine mlalaji haamki wala asubuhi hakumbuki lolote. Mwenye afya njema hutulia upesi. Mgonjwa wa moyo au wa shinikizo la juu la damu huongezewa mzigo saa ambazo moyo wake ungepumzika. Mtu huzoea mvumo wa feni, lakini king'ora hubadili mlio makusudi ili kisizoeleke.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba kelele ya tukio moja chumbani mwa kulala isizidi desibeli 45. King'ora cha gari, kikipimwa karibu, hupita 100.

Kwa hiyo, kitabibu, kipengele bora cha kanuni ya New York si kile cha dakika 3. Ni kile kinachotaka king'ora kilie pale tu gari linapoguswa au mwenyewe anapobonyeza rimoti, si kwa sababu lori limepita au radi imenguruma. Cha kwanza hufupisha kelele. Cha pili huizuia isianze.

Hospitali haihitaji kungoja sheria ya jiji ili kufuata busara hiyo. Maegesho yaweza kuwekwa mbali na wodi, na fundi umeme wa magari aweza kupunguza wepesi wa king'ora kulia. Naye mhudumu anayempokea mgonjwa ambaye shinikizo lake halishuki, baada ya kuuliza juu ya dawa na chumvi, amwulize pia: unalala wapi, na usiku nini hukuamsha? Mgonjwa asiyeulizwa na aseme mwenyewe, huku akiendelea na dawa zake.