Chupa ya Damu na Barabara ya Sake

Kipimo cha haraka cha malaria kimezoeleka Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo: tone la damu kidoleni, robo saa ya kungoja, kisha mistari. Ikionekana miwili, mtoto anapewa dawa na wazazi wanashusha pumzi. Lakini mtoto huyo huyo anaweza kuwa na bakteria ndani ya damu, na kile kijikaratasi hakiwezi kuwaona. Malaria kali huvunja chembe nyekundu na kuzilemea seli za kinga ambazo kazi yake ni kuimeza na kuiua Salmonela, mmoja wa bakteria hao. Walikale, nchi ya msitu wa tambarare na mbu wa mwaka mzima, si mahali pa kudharau jambo hilo.

Kongo yenyewe ina ushahidi. Taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB ya Kinshasa, pamoja na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa wakiotesha damu za wagonjwa tangu 2007. Mwaka 2011 watoto wa Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, walifurika hospitalini wakiwa wameishiwa damu, na wengi waliopimwa walikutwa na Salmonela. Mwaka 2019 watafiti walieleza tawi jipya la bakteria hao nchini Kongo lililokuwa sugu kwa karibu dawa zote ambazo daktari wa hospitali ya kawaida angezifikiria.

Sasa hesabu ya muda wa kuotesha damu. Damu huingizwa kwenye chupa yenye mchuzi wa lishe, na kuwekwa kwenye joto la mwili. Bakteria wakiwepo, huchukua siku moja hadi tatu kuongezeka hadi waonekane. Kisha hupandwa kwenye sahani na kuachwa usiku kucha, halafu siku nyingine ya kuwatambua, na nyingine ya kujua ni dawa gani inayowaua. Katika hospitali kubwa za Ulaya mashine ya MALDI-TOF imefupisha hatua ya utambuzi: leza huwapiga bakteria, protini zao hupimwa uzito, na jina hutoka kwa dakika chache. Msingi wa mbinu za namna hiyo ulimpa Mjapani Koichi Tanaka sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002. Bei ya mashine hiyo, tusidanganyane, si ya hospitali ya wilaya.

Na hata ingegawiwa bure? Kilifi, pwani ya Kenya, walipima damu za watoto waliolazwa kati ya Agosti 1998 na Julai 2002. Waliokutwa na bakteria walikuwa 1,094. Kati yao 308 walifariki, na 103 walifariki siku ile ile ya kulazwa. Kwa hao 103, hakuna sahani ambayo ingejibu kwa wakati. Dozi ya kwanza hutolewa kwa kukisia, Kilifi kama Masisi. Tofauti ni kwamba Kilifi wanakisia wakiwa na kumbukumbu ya maelfu ya chupa zilizotangulia. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya maabara: mtoto wa leo anamchagulia dawa mtoto wa mwezi ujao.

Kumbukumbu hiyo haiwezi kutegemea kupeleka chupa Goma kwa barabara. Kutoka Masisi mjini hadi Goma, kupitia Sake, ni kilomita zipatazo 80, zile zile zinazoteremsha jibini maarufu la milimani. Mvua huigeuza tope, na vita huifunga kabisa. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi, kisha Goma. Machi wakafika Walikale mjini kabla ya kuondoka wiki chache baadaye. Maelfu ya watu walikimbilia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) wamekuwa wakisaidia tangu 2007. Katika siku kama hizo, nani atampa dereva wa pikipiki chupa ya damu aipeleke Goma?

Wala asije mtu akasema haiwezekani kupima huko huko. Ebola ilipofika Pinga, ndani ya Walikale, Agosti 2019, Kivu Kaskazini ilikuwa tayari na mashine za GeneXpert zenye kutoa jibu kwa chini ya saa mbili. Fedha zilipatikana kwa sababu dunia iliogopa. Salmonela haiogopwi na mtu wa mbali.

Zipo njia za gharama nafuu. MSF wameunda maabara ndogo ya bakteria inayosafirishwa kwa masanduku, na mafundi wasiobobea huweza kuiendesha baada ya mafunzo mafupi. Wataalamu wa Ulaya nao wameweka utaratibu wa kupima usugu moja kwa moja kutoka kwenye chupa iliyoota: viduara vya karatasi vyenye dawa kwenye sahani, kisha rula ya kupima eneo ambalo bakteria hawakuota, na jibu baada ya saa nne, sita au nane. Kabla ya hapo kuna rangi ya Gram, mbinu ya 1884, inayohitaji hadubini na dakika chache. Vijiti vya waridi humwambia daktari afikirie Salmonela na jamaa zake. Vidoto vya zambarau vilivyokaa kama kichala humwelekeza kwa stafilokoka. Fundi wa Masisi akisita, picha ya kioo chake hufika kwa simu kwa mtaalamu wa Goma au Kinshasa, mtandao ukiwepo, hata wiki ambayo hakuna gari lililovuka Sake.