Hajui au Hajajua? Mizani Moja Katika Ulezi wa Baba

Juzi baada ya sala ya Magharibi nalikuwa nimeketi barazani kwa jirani yangu hapa Likoni, tukinywa kahawa. Mazungumzo yalianza kwa foleni ya feri, yakahamia bei ya unga, na mwisho, kama ilivyo desturi ya wazazi, yakatua kwa watoto. Jirani yangu ni mtu mwema, hakosi jamaa msikitini, na mkono wake si mfupi kwa mwenye shida. Akamwashiria kwa kidevu mwanawe aliyekuwa akirudi dukani na mkate, akasema: "Huyu wangu hesabu hajui. Kichwa kizito tangu kuzaliwa, amewachukua wajomba zake."

Tukacheka sote. Mtoto hakucheka. Alipita mbele yetu akitazama chini, akaingia ndani.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Mimi ni mtu wa mashairi, na kazi ya mtu wa mashairi ni kuhesabu mizani. Nikalihesabu neno la jirani yangu: ha-ju-i, mizani tatu. Nikalitia mizani moja katikati: ha-ja-ju-a, zikawa nne. Hiyo moja tu, msomaji, ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwani baina ya maneno hayo mawili ndipo mtoto anapojengeka au kubomoka.

WALI HAUJAIVA

Anayesema "hajui" amefunga mlango na ufunguo ameutupa baharini. Anayesema "hajajua" hakuficha ukweli, maana ni kweli kwa wakati huu mtoto hafahamu, lakini mlango ameuacha wazi. Lugha yetu imeneemeka kwa kiungo hicho kidogo. Mwingereza akitaka kusema hivyo hana budi kuongeza maneno kando. Sisi tumepewa ndani ya kitenzi chenyewe, na twakitumia kila siku kwa mambo mengine: wali haujaiva, mvua haijanyesha, meli haijatia nanga. Hapana mpishi anayeuambia wali mbichi kwamba haujui kuiva. Ni mtoto peke yake tunayemhukumu chungu kikiwa bado kimo mekoni.

Yuko mtaalamu wa elimu ya nafsi, Bibi Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka wa 2006 akalitolea kitabu. Asema watu wana namna mbili za kuitazama akili. Wako wanaoiona kama kimo cha mtu mzima: ukishafika hapo umefika, huongezi hata inchi. Na wako wanaoiona kama shamba: ardhi hazilingani, lakini hapana ardhi isiyozidi kwa kulimwa. Bibi huyu hupenda kusimulia habari ya shule moja ya Chicago ambako mwanafunzi aliyeanguka somo haandikiwi kwamba ameanguka, huandikiwa "bado". Nilipopata habari hiyo nalitabasamu. Wao imewabidi watunge alama mpya. Sisi silabi moja ingetutosha.

MGEMA NA SIFA ZAKE

Mababa wengi wa pwani twaogopa kumsifu mtoto usoni pake. Twaogopa jicho, twaogopa kiburi, na wahenga wametupa hoja: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi wengine wakaamua wasisifu kabisa, na wengine, hasa mababa vijana, wakaamua kusifu kila kitu.

Mwaka wa 1998 Bibi Dweck na mwenzake, Claudia Mueller, walichapisha habari ya majaribio waliyowafanyia watoto wa miaka kama 10 hadi 12. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, wakayafumbua. Kisha baadhi yao wakaambiwa: umefanya vyema, una akili. Wengine wakaambiwa: umefanya vyema, umejitahidi. Tofauti ilikuwa ni kauli moja tu.

Walipopewa hiari ya kuchagua kazi nyingine, wengi wa walioambiwa wana akili walitaka kazi nyepesi, ili sifa isiwapotee. Walioambiwa wamejitahidi, wengi wao walitaka kazi ambayo wangejifunza kitu. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu yakawashinda, na baadaye yakaletwa mepesi kama yale ya mwanzo. Wale wa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza. Wale wa bidii wakafanya vizuri zaidi. Na lililonishtua hasa ni hili: walipotakiwa kuandika alama zao ili wasomewe watoto wengine wasiowajua, karibu 4 katika kila 10 ya waliosifiwa akili waliandika uongo, wakajiongezea.

Kumbe wahenga hawakukosea, ni sisi hatukuwafahamu. Mgema huharibika anaposifiwa yeye. Lakini ukimsifu kwa jinsi alivyoupanda mnazi alfajiri, alivyoinoa kotama yake na kukisafisha kibuyu chake, atatia maji kwa sababu gani? Sifa umeiweka juu ya kazi, na kazi ndiyo atakayoilinda.

SWALI LA CHUONI

Sisi tuliosoma vyuoni tulikuwa na jambo hili mikononi bila ya kulijua jina. Chuo chetu kilikuwa ukumbi wa nyumba ya mwalimu, majamvi chini, na watoto wa kila umri wakisoma kwa sauti pamoja. Mmoja yuko kwenye alifu, mwingine amefika Juzuu ya Amma, wa tatu yu karibu kuhitimu. Mgeni akiingia na kumjulia hali mtoto, alimwuliza: "Umefika wapi?" Hakumwuliza: "Umekuwa wa ngapi?" Aliyechukua miaka mitatu na aliyechukua sita wote walihitimu, na siku ya kuhitimu hapana aliyehesabu miaka. Sisemi kwamba chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwapo, na wako walioikimbia wasirudi tena. Lakini swali lilikuwa jema.

Shuleni tukakutana na swali jingine. Mtihani wa darasa la nane, ulioanza mwaka wa 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulitufundisha sisi wazazi kumtafuta mtoto katika orodha: wa ngapi? Mtaala mpya ulioingia mashuleni nchini kote mwaka wa 2019 huwapima watoto kwa viwango, na kimojawapo cha viwango hivyo maana yake ni kwamba mtoto anapakaribia panapotarajiwa. Hiyo ni "hajajua", imeandikwa rasmi. Karatasi imebadilika, lakini ulimi wa baba haujabadilika.

Wala simnyoshei kidole jirani yangu. Miaka ya nyuma, mwanangu wa mwisho alipokuwa darasa la sita, alileta ripoti mbaya ya hesabu. Nikamwambia, mbele ya ndugu zake, kwamba nyumba hii haijapata kuzaa mjinga na yeye ndiye aliyefungua mlango. Nalidhani nimemtia hima. Muhula uliofuata hapakuja ripoti. Alisema shule haijatoa. Muhula wa pili vivyo hivyo. Mama yake ndiye aliyeikuta, imekunjwa mara nne chini ya godoro. Niliifungua nikiwa na hasira, nikakuta alama za hesabu zimepanda. Si sana, lakini zimepanda. Mtoto alikuwa amepiga hatua, na hakuwa na baba wa kumwonyesha.

DARAJA LA TATU

Anayedhani karatasi ya mtihani ni hukumu ya mwisho, na asikilize kisa cha hapa kwetu. Kule kisiwani, ng'ambo ya kivuko, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka wa 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka wa 1937, alikuwa na mwana aitwaye Ali, aliyezaliwa mwaka wa 1933. Sheikh alifariki mwaka wa 1947, mwanawe hajatimiza miaka 15. Mtoto huyo alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule alipata daraja la tatu, na kwa daraja hilo mlango wa Makerere haukumfungukia. Akafanya kazi ndogo katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Katika miaka ya 1950 akapata nafasi ya kwenda Uingereza. Hakuingia chuo kikuu moja kwa moja. Alirudi kwanza kwenye masomo ya sekondari mjini Huddersfield. Kisha akapata shahada Manchester mwaka wa 1960, nyingine Columbia mjini New York mwaka wa 1961, na udaktari Oxford mwaka wa 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa kama mwanafunzi ikamfanya profesa katika miaka hiyo ya 1960. Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani mwaka wa 2014 na kuletwa kuzikwa hapa Mombasa.

Watu hukisimulia kisa hiki ili kusema kwamba Mazrui alikuwa na akili za ajabu. Mimi nakisimulia kwa sababu nyingine. Lau waliokuwa karibu naye wangeisoma ile karatasi na kusema "hajui", wangesadikika, kwa kuwa karatasi ingewashuhudia. Na wangekuwa wamemkosea mtu.

Tutazame na upande wa pili. Huko Kisauni, katika miaka hii ya karibuni, watu wamesumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga, na baadhi yao wangali wa umri wa shule. Sisemi kwamba ulimi wa baba ndio uliozaa panga. Umaskini, ukosefu wa kazi na dawa za kulevya zina fungu lao kubwa. Lakini mtoto anayeitwa mhuni barazani siku saba za wiki, siku ya nane huwatafuta watakaomwita shujaa. Twasema "mtoto wa nyoka ni nyoka" naye anatusikia, kisha twashangaa akiuma.

BABA NAYE HAJAJUA

Hapa ndipo penye uzito. Baba akielezwa haya hujibu: "Mimi ndivyo nilivyo. Nalilelewa hivi, na hivi ndivyo nitakavyolea." Huyo amejihukumu mwenyewe kwa neno lile lile alilomhukumu mwanawe. Nenda Changamwe. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka wa 1963 kiliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013, na watu wazima waliokuwa na ufundi huo iliwabidi watafute riziki kwa njia nyingine. Ikiwa mtu mwenye mvi aweza kujifunza kazi mpya kwa ajili ya chakula cha mwanawe, vipi ashindwe kujifunza neno jipya kwa ajili ya mwana mwenyewe?

Katika Hadithi mna kisa cha al-Aqra' bin Habis, mkuu katika Banu Tamim, aliyemwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akimbusu mjukuu wake Hasan. Akastaajabu, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamfahamisha kwamba asiyerehemu naye harehemewi. Tazama: al-Aqra' hakuambiwa kwamba moyo wake ni jiwe na mambo yamekwisha. Alifundishwa, naye ni mtu mzima, baba wa watoto kumi.

Wako watakaosema haya ni maneno ya vitabuni, na kwamba si kila mtoto atakuwa profesa. Wana haki. Mwaka wa 2019 palitangazwa uchunguzi wa wanafunzi kama 12,000 wa Marekani waliofundishwa kwamba akili hukua. Waliokuwa nyuma walipata faida, ila ilikuwa ndogo, na ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe walipenda kujaribu kazi ngumu. Neno peke yake basi si dawa. "Hajajua" pasipo msaada ni porojo. Ni sawa na kuuambia wali utaiva huku umezima moto.

Na moto huo ni baba mwenyewe kuwapo. Najua baba wa Likoni huvuka alfajiri watoto wamelala, na wa Changamwe hurudi kutoka zamu wamelala tena. Lakini hata dakika kumi za Ijumaa zatosha kumwuliza mtoto umefika wapi, kumwambia akuonyeshe hesabu moja aliyoikosa na jinsi alivyoisahihisha, na kumsimulia jambo moja ambalo wewe mwenyewe ulilikosa wiki hiyo.

Nilipoikunja upya ile ripoti nilimwita mwanangu, nikamtaka radhi. Si jambo rahisi kwa baba wa kwetu, na yeye hakunijibu kitu. Siku ya tatu alikuja na daftari, akaniuliza kama najua hesabu za asilimia. Nikamwambia ukweli: "Sijajua, mwanangu. Kaa hapa unionyeshe." Akakaa.

Jirani yangu husoma gazeti hili, na akifika hapa atajijua. Aniwie radhi. Nimemsema kwa kosa ambalo mimi nalimtangulia.