Kengele ya Alfajiri na Ndoto za Peramiho

Bibi yako alizikwa miaka mingi iliyopita. Usiku huu yuko altareni pale Peramiho, amefunga kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anakaanga maandazi huku kwaya ikiimba Utukufu. Askofu amesimama kwenye foleni na sahani mkononi. Wewe umeitwa kusoma somo la kwanza. Unafungua kitabu, unakuta orodha ya wadaiwa wa duka la baba mdogo, nawe unaisoma kwa sauti, jina kwa jina, na waumini wanaitikia vizuri tu. Unatazama chini: mguu mmoja una kiatu cha Jumapili, wa pili una ndala ya mtoto. Hakuna anayeshangaa. Hata wewe hushangai. Kisha kengele inalia, unafumbua macho, na hapo ndipo kicheko kinapokushika, peke yako gizani.

Ndoto za namna hii hazihubiriwi mimbarini, lakini jikoni husimuliwa sana. Zinastahili kusikilizwa na sayansi pia, kwa sababu zinaeleza kitu kikubwa kuhusu ubongo wetu na kuhusu watu tunaowapenda.

Peramiho ni mahali pazuri pa kuanzia. Wamisionari Wabenediktini walifika huko mwaka 1898. Kanisa lao likachomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakajenga tena. Leo, kilomita kama 25 magharibi mwa mji wa Songea, abasia, hospitali, shule, karakana na mitambo ya kuchapa vitabu vimekaa pamoja, na kengele ndiyo inayoigawa siku. Kengele ya alfajiri hufanya, bila kukusudia, kazi inayofanywa na watafiti wa usingizi maabarani: humwamsha mtu ndoto ikiwa bado mbichi.

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja wa dakika 90 hivi. Mwanzoni mwa usiku tunazama katika usingizi mzito, ule wa pono. Kadiri kunavyokaribia kucha, sehemu kubwa zaidi ya kila mzunguko huchukuliwa na usingizi wa aina nyingine: kope zimefungwa, lakini mboni zinakwenda huku na huku kwa kasi, kama za mtu anayetazama mpira. Aina hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mmoja wa waliolazwa na kufungwa nyaya katika majaribio hayo alikuwa Armond, mtoto wa Aserinsky mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka 8. Sayansi ya ndoto, kwa hiyo, ilianzia ndani ya familia.

Miaka minne baadaye, mwaka 1957, William Dement na Kleitman walitoa hesabu. Waliwaamsha watu mara 191 wakati macho yao yakikimbia, na mara 152 walioamshwa walikuwa na ndoto ya kusimulia. Walipowaamsha mara 160 katika vipindi vingine vya usingizi, ni mara 11 tu walizopata ndoto. Ndiyo maana anayeamshwa alfajiri ana hadithi, na aliyeamka nje ya vipindi hivyo huenda akaapa kwamba hakuota chochote. Yaelekea aliota, ila hapakuwa na wa kumwamsha kwa wakati.

Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake Kanuni katika karne ya 6, aliujua usiku vizuri. Katika sura ya 8 anaagiza kwamba majira ya baridi watawa waamke saa nane ya usiku, wakiwa wamepumzika kupita kidogo nusu ya usiku. Msomaji wa Kiswahili haelekei kuhitaji ufafanuzi hapo: Warumi walihesabu saa za usiku tangu jua kuzama, kama tunavyohesabu sisi, na saa nane yake ni karibu sawa na saa nane yetu. Nusu ya kwanza ya usiku, yenye usingizi mzito, mtawa wa zamani aliipata. Sehemu nzuri ya ndoto za alfajiri aliitoa sadaka.

Lakini kwa nini ndoto ziwe za ajabu hivyo? Mwaka 1996 Pierre Maquet na wenzake wa Ubelgiji walichapisha picha za ubongo wa watu waliolala katika kipindi hicho cha macho kukimbia. Amigdala, kiini cha hofu na hisia kali, ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu. Baadhi ya maeneo ya mbele ya ubongo, yanayopanga, yanayopima na yanayouliza "hili linawezekanaje?", yalikuwa yamepoa. Ni kama kamati ya parokia iliyokutana mwenyekiti na katibu wakiwa safarini: kila mjumbe anatoa hoja yake, na kila hoja inapita. Askofu anaingia kwenye foleni ya maandazi na hakuna wa kupinga. Pia kemikali ya noradrenalini, inayotusaidia kuwa macho na kushika mambo, hushuka sana wakati huo. Ndiyo sababu ndoto huyeyuka kabla hujamaliza kunawa uso.

Hata mwili na chumba hutia mkono. Mwaka 1958 Dement na Edward Wolpert waliwanyunyizia maji watu waliokuwa wakiota. Kati ya kila mara 100, maji yaliingia ndotoni mara 42, kwa sura ya mvua au bati linalovuja. Mlio wa sauti uliingia mara 9 tu. Kwa hiyo kengele ya Peramiho mara nyingi hukata ndoto tu, ila siku mojamoja hugeuka ndani yake kuwa kengele ya shule, nawe umechelewa mtihani.

Sasa tuje kwenye swali lililo karibu zaidi na moyo. Ndoto ina dunia nzima ya kuchagua. Kwa nini iende kwa bibi, baba mdogo, katekista na kwaya? Mwanasaikolojia wa Marekani Calvin Hall alitumia maisha yake kukusanya ndoto za watu wa kawaida, na hadi alipofariki mwaka 1985 alikuwa na zaidi ya 50,000. Alichokiona ni kwamba ndoto hufuata maisha ya mchana: yale yanayotushughulisha tukiwa macho, na watu tunaohusiana nao, ndio wanaorudi usiku. Ndoto huokota kuni zake nyumbani. Kwa familia ya Peramiho, kuni hizo ni pamoja na jumuiya ndogo ndogo, mazoezi ya kwaya Jumamosi, kipaimara cha mtoto, michango ya harusi na hofu ya kupoteza ukurasa mbele ya watu. Anayeota yuko kanisani bila viatu ameota jambo zito kwake, yaani macho ya watu anaowaheshimu.

Ushahidi mwingine umetoka Tanzania. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo David Samson wa Chuo Kikuu cha Toronto, walilinganisha ndoto za Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi na za Wabayaka wa misitu ya Kongo na za watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ndoto za Wahadza na Wabayaka zilikuwa na hatari nyingi, lakini mara nyingi ziliishia kwa nafuu, na nafuu hiyo ililetwa na watu: ndugu au mwenzi anakuja kusaidia. Watafiti wanaona humo kazi ya ndoto: kuichukua hofu, kuipitisha katikati ya watu wetu, na kuirudisha ikiwa imepungua makali. Nikiitazama foleni ile ya maandazi kwa jicho hilo, naona msiba wa bibi uliopozwa na mkono wake mwenyewe.

Si ndoto zote huchekesha. Wakati macho yanapokimbia, shina la ubongo huifunga misuli ya mwili ili tusiigize tunachoota. Akili ikiamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa, mtu hujikuta hawezi kusogea wala kuita, na kifua kinalemewa. Wahenga walisema amekabwa na jinamizi. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi, na huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Aliyeipata hajalogwa na jirani, na ni vema kusema hivyo waziwazi, maana shutuma za namna hiyo zimebomoa familia.

Kuna pia kinyume chake: kufuli lisilofunga. Hapo mlalaji haishii kuweweseka, hurusha ngumi na mateke akipigana na nyoka wa ndotoni, na anayeumia ni mwenzake kitandani. Carlos Schenck na Mark Mahowald waliueleza ugonjwa huo rasmi huko Minnesota mwaka 1986. Lakini fungua Kanuni ya Benedikto, sura ya 22. Anaagiza watawa walale na mavazi yao na mishipi yao, ila visu vyao visiwe ubavuni, wasije wakajijeruhi usingizini. Mzee yule hakuwa na nyaya wala picha za ubongo. Alikuwa na bweni lililojaa ndugu waliolala, na alikuwa akiwaangalia kwa upendo. Leo tunajua kwamba kwa watu wa makamo na wazee hali hiyo inaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson. Baba akianza kupigana usingizini, apelekwe kwa daktari.

Hospitali ya Peramiho ina jina la Mtakatifu Yosefu, mtu ambaye katika Injili ya Mathayo anaelekezwa mara nne kwa njia ya ndoto, na kila mara jambo lenyewe ni la kifamilia: mchukue mke, mkimbize mtoto, rudini nyumbani, kaeni Galilaya. Mimi sisemi kwamba kila andazi la ndotoni ni ujumbe kutoka mbinguni, wala ndoto ya jino kung'oka haipaswi kumfanya mtu ahesabu wagonjwa wa ukoo. Ninachosema ni kwamba ndoto ikitaka kutushika, hushika pale tunaposhikika.

Basi usiitupe. Kengele ikilia, kabla hujageuka upande wa pili, irudie kichwani mara moja, kisha ibebe mpaka kwenye chai. Sema, "Leo nimemwota bibi, alikuwa anakaanga maandazi altareni." Watacheka. Halafu shangazi atakumbuka kwamba bibi aliamka usiku kukanda unga ili awahi misa ya kwanza. Mjomba atataja benchi alilokuwa akikaa. Mtoto ambaye hakumkuta atauliza alikuwa mrefu au mfupi. Chai itapoa, na kwa nusu saa bibi atakuwa mezani.